Barua ya VA: goti la asilimia 10 limepandishaje kiwango kutoka 70 hadi 80?

Shemeji_wa_Killeen

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie hesabu. Nina barua ya uamuzi kutoka Wizara ya Maveterani ya Marekani, VA, ya shemeji yangu aliyetumikia jeshi la nchi kavu. Maradhi na majeraha ya utumishi yaliyokubaliwa, kwa asilimia ya ulemavu, ni haya:

PTSD (msongo wa akili baada ya kiwewe): 50
Mgongo, sehemu ya kiuno: 20
Goti la kushoto: 20
Mlio masikioni: 10
Goti la kulia: 10

Manne ya kwanza yanaanzia 3 Machi 2023. Goti la kulia limekubaliwa baadaye, linaanzia 12 Septemba 2024. Ukijumlisha kama dukani unapata 110. Barua inasema kiwango cha pamoja ni 70 kuanzia tarehe ya kwanza, na 80 kuanzia ya pili.

Kwamba VA hawajumlishi hivihivi, hilo nalijua. Jedwali lao nimelitafuta nikalifuata: 50 na 20 ni 60, 60 na 20 ni 68, 68 na 10 ni 71. Kwa makumi ya karibu ni 70, sawa. Nikileta goti la kulia, 71 na 10 ni 74. Bado ni 70! Hiyo 80 imetoka wapi? Hofu yetu ni kwamba wamekosea, halafu siku moja waje kudai hela zao zirudi.

Mkokotoaji

Hawajakosea mkuu, mwambie shemeji alale usingizi. Hesabu yako ilikuwa safi mpaka ulipofika kwenye goti la pili. Pale ulipaswa kufuta ubao na kuanza upya.

Kwa faida ya watakaosoma baadaye: VA humchukua mtu mzima kuwa 100, kisha kila ulemavu unakula sehemu ya kilichobaki, si ya ile 100 ya mwanzo. Chukua gunia la mchele la kilo 100. Wa kwanza anachota nusu, zinabaki kilo 50. Wa pili ana haki ya asilimia 20, lakini ni 20 ya zile 50, kwa hiyo anaondoka na kilo 10. Ndiyo maana 50 na 20 ni 60, wala si 70, na ndiyo maana gunia halikauki kirahisi. Utaratibu huu na jedwali lake viko kifungu cha 4.25 cha kanuni za shirikisho namba 38.

Sasa magoti. Kifungu kinachofuata, 4.26, kinaleta nyongeza ya viungo vya pande mbili. Mtu akiwa na ulemavu wa kulipwa, yaani angalau asilimia 10, kwenye miguu yote miwili au mikono yote miwili, ule wa kushoto na ule wa kulia huunganishwa kwanza peke yao. Kisha asilimia 10 ya jibu inawekwa juu yake kwa kujumlisha kwa kawaida, bila jedwali. Baada ya hapo kundi zima linahesabiwa kama ulemavu mmoja na linaingia kwenye foleni kwa ukubwa wake mpya.

Magoti: 20 na 10 ni 28. Asilimia 10 ya 28 ni 2.8. Jumla 30.8, yaani 31.
Foleni: 50, 31, 20, 10.
50 na 31: zimebaki 50, asilimia 31 yake ni 15.5. Jumla 65.5, jedwali linasema 66.
66 na 20: zimebaki 34, asilimia 20 yake ni 6.8. Jumla 72.8, yaani 73.
73 na 10: zimebaki 27, sehemu ya kumi ni 2.7. Jumla 75.7, yaani 76.
76 kwa makumi ya karibu ni 80.

Kabla ya 12 Septemba 2024 goti la kushoto lilikuwa halina mwenzake, kwa hiyo hakukuwa na kundi wala nyongeza, na ile 71 yako ni sahihi kabisa. Hesabu hufanywa upya kwa kila tarehe ambapo kitu kimeingia au kimebadilika. Ndiyo sababu barua moja inaweza kuwa na ngazi tatu au nne za asilimia.

Kuhusu jozi, si lazima iwe goti kwa goti. Paja la kulia na unyayo wa kushoto vinatosha, kwa sababu kanuni inautazama mguu wote kuanzia nyonga hadi vidole. Mkono wa kushoto na mguu wa kulia haviundi jozi. Masikio, macho na figo haviingii hata kama viko viwili viwili, na goti lililopewa asilimia 0 halihesabiki. Mwenye ulemavu kwenye mikono yote na miguu yote, vyote vinaunganishwa kwa pamoja na nyongeza inawekwa mara moja tu. Wengi huiweka mara mbili hapo.

Kiboko_ya_Makaratasi

Mkokotoaji kamaliza, ila naongeza jambo moja linalowachanganya sana wanaotumia kikokotoo cha simu: jedwali la VA halina desimali. Kila hatua inakatwa kuwa namba nzima kabla ya kwenda hatua inayofuata, nusu na zaidi inapanda. Lakini kupeleka kwenye makumi kunafanyika mara moja tu, mwisho kabisa, na jibu linaloishia na 5 linapanda.

Uone tofauti yake. Mtu ana 50, 30, 20 na 10. Kwa simu, ukiacha desimali zitembee, unapata 74.8. Ukiipeleka hiyo kwenye makumi, ni 70. Kwa jedwali: 50 na 30 ni 65, 65 na 20 ni 72, 72 na 10 ni 74.8 ambayo inaandikwa 75. Na 75 inapanda kuwa 80. Ulemavu uleule, mtu yuleyule, daraja zima la tofauti. Kwa hiyo ukisikia mtu anabishana kwamba VA wamempunja au wamempendelea, muulize kwanza alikokotoa kwa kutumia nini.

Kosa la upande wa pili ni kupeleka kwenye makumi katikati ya njia. 50 na 30 ni 65, mtu anaandika 70, anaendelea. Hiyo nayo haipo.

Mpangilio nao ni kuanzia mkubwa kushuka chini. Kwa hesabu tupu mpangilio haubadilishi kitu, lakini kwa kuwa kila hatua inakatwa, ukianzia chini unaweza kupishana na VA kwa alama moja. Alama moja kati ya 74 na 75 si ndogo.

Kuna na hili la Aprili 2023. Kwa sababu ya huohuo ukataji wa desimali, zipo hesabu chache ambapo kuweka viungo kwenye kundi la pande mbili kunamshusha mtu badala ya kumpandisha. Kanuni ilirekebishwa: ikitokea hivyo, ofisa anatakiwa autoe kwenye kundi ulemavu unaoleta hasara na auhesabu kando. Mwenye uamuzi wa kabla ya hapo, na asilimia zake ziko juu ya 80 na viungo vingi vya 10 10, apige hesabu kwa njia zote mbili aone.

Shemeji, kama mnataka kuona kwa macho kwamba nyongeza imewekwa, ombeni karatasi ya misimbo ya uamuzi huo. Mara nyingi haiji pamoja na barua, lakini mwakilishi wake anaweza kuipata. Humo kila ulemavu una msimbo wa tarakimu nne: PTSD ni 9411, mlio masikioni ni 6260, goti lisilokunjika vizuri ni 5260. Chini ya kiwango cha pamoja kutakuwa na mstari unaotaja nyongeza ya 2.8 na misimbo ya magoti mawili. Mstari huo ukikosekana ilhali viungo vya pande mbili vipo, hapo ndipo pa kulalamika. Ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua unaomba mapitio ya ngazi ya juu kwa fomu 20-0996. Huhitaji ushahidi mpya, maana kosa liko kwenye hesabu yao wenyewe. Mwaka ukipita njia inakuwa nyembamba, unabaki kuthibitisha kwamba kosa ni la wazi lisilo na ubishi.

Shemeji_wa_Killeen

Mmenifungua macho, asanteni sana. Sasa la pili. Ana dai la kipandauso linasubiri, na daktari aliyemchunguza ameandika kwamba mashambulizi ya kumlaza kitandani yanatokea kama mara moja kwa mwezi. Nimesoma kwamba hiyo ni 30. Kwa hiyo 80 na 30: zimebaki 20, asilimia 30 yake ni 6, jumla 86, anafika 90. Nimepatia?

Mkokotoaji

Hapana mkuu, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. 80 ni namba ya malipo. Namba ya hesabu ni 76. Dai jipya halipandi juu ya namba iliyokwisha kupelekwa kwenye makumi, linarudi kwenye foleni na kila kitu kinaanza mwanzo:

50, 31, 30, 20, 10.
50 na 31 ni 66. 66 na 30 ni 76.2, yaani 76. 76 na 20 ni 80.8, yaani 81. 81 na 10 ni 82.9, yaani 83.
83 inarudi 80.

Kipandauso cha 30 kitakubaliwa, barua itakuja, na malipo hayatasogea hata senti. Si kwamba ni bure. Ile 83 inamweka karibu zaidi na 85, na jambo dogo likija baadaye linaweza kumvusha. Lakini msianze kuitumia hela ya 90 kwa mawazo.

Kipandauso cha 50, ambacho ndicho cha juu kabisa kwa msimbo huo, kingempeleka: 50 na 50 ni 75, na 31 ni 83, na 20 ni 86, na 10 ni 87, yaani 90. Ila 50 inataka mashambulizi ya mara kwa mara sana, ya muda mrefu, yanayomwangusha mtu kabisa na kumwathiri vikali katika riziki yake. Mara moja kwa mwezi haifiki hapo.

Vitu vingine viwili vinavyoweza kumvusha, kwa asilimia alizonazo sasa:

PTSD ikitoka 50 ikawa 70. Magonjwa ya akili yana ngazi 0, 10, 30, 50, 70 na 100 tu, hakuna 60. Inakuwa 70, 31, 20, 10: 79, kisha 83, kisha 84.7 ambayo ni 85. Anapata 90, kwa kugusa tu mstari.

Au neva za kiunoni. Mgongo mbovu mara nyingi unabana neva inayoshuka mguuni: ganzi, moto, mguu kufa. Hiyo inapewa asilimia yake kwa kila mguu, mbali na mgongo wenyewe, na inaingia kwenye kundi la pande mbili pamoja na magoti. Tuseme 20 kila mguu. Kundi linakuwa 20, 20, 20, 10: yaani 36, kisha 49, kisha 54. Nyongeza 5.4, jumla 59. Angalia sasa, kundi la miguu limeipita PTSD na linakaa mbele: 59 na 50 ni 80, 80 na 20 ni 84, 84 na 10 ni 86. Hiyo ni 90. Lakini neva za 10 kila mguu hazitoshi, nimepiga, inatoka 80 kamili na anabaki palepale.

Kiboko_ya_Makaratasi

Kabla hajaandika dai la neva au la kupandisha PTSD, ajue kwamba ombi la kuongezewa linafungua mlango wa uchunguzi mpya, na uchunguzi unaweza kuonyesha nafuu. Asiombe kwa sababu kikokotoo kimesema 85. Aombe kama hali imezidi kweli na kuna maandishi ya daktari.

Pia asijaze orodha kwa kuligawa jambo moja. Kifungu cha 4.14 kinakataza dalili ileile kulipwa mara mbili. PTSD na sonona, kwa mfano, hata zikiwa na majina mawili zinapewa asilimia moja. Goti lisilokunjika na goti linaloyumba ni dalili mbili tofauti, hayo yanaweza kutenganishwa. Na chini ya goti kuna dari: ulemavu wote wa chini ya goti kwa mguu mmoja hauzidi 40, maana hiyo ndiyo anayopewa aliyekatwa mguu chini ya goti.

Kuhusu 100 ambayo kila mtu anaiulizia: unahitaji 95 ya hesabu. Aliyeko 90 kamili, kila 10 mpya inampa alama moja tu: 91, 92, 93, 94, 95. Kumi tano! Na hiyo ni kama alikuwa 90 ya kweli. Aliyeko 85 iliyopandishwa kuwa 90, safari yake ni ndefu kuliko anavyodhani.

MamaNia

Naona wanaume mnapiga hesabu za 90 wakati mlango wenyewe uko pembeni. Kwa viwango vilivyoanza 1 Desemba 2024 na kutumika hadi Novemba 2025, veterani asiye na mtegemezi alilipwa kwa mwezi hivi: 70 ilikuwa dola 1,759.19, 80 ilikuwa 2,044.89, 90 ilikuwa 2,297.96, na 100 ilikuwa 3,831.30. Toka 80 hadi 90 ilikuwa dola 253 na senti kadhaa. Toka 90 hadi 100 ilikuwa zaidi ya 1,500. Viwango hupandishwa kila Desemba kulingana na gharama za maisha, lakini umbo ni lilelile.

Kwa hiyo swali la kumuuliza shemeji ni moja: anaweza kushika kazi? Kama ulemavu huo wa utumishi ndio unaomzuia kushika kazi ya kumlisha, kuna TDIU, kifungu cha 4.16. Analipwa kama mtu wa 100 hata kama hesabu imebaki 80. Masharti ya namba ni ulemavu mmoja wa 60, au kiwango cha pamoja cha 70 ambacho ndani yake kuna ulemavu mmoja wa angalau 40. Yeye ana 80 na PTSD ya 50, amekwisha kupita. Kinachobaki ni kuthibitisha kazi: fomu 21-8940 anajaza yeye, na 21-4192 inajazwa na mwajiri wa mwisho. Kama anafanya kazi ya kawaida na mshahara wake uko juu ya mstari wa umaskini wa serikali, asijisumbue.

La pili, wategemezi. Kuanzia asilimia 30, mke, watoto na hata wazazi anaowatunza huongeza malipo. Mke na watoto ni fomu 21-686c, wazazi ni 21P-509. Kuishi Mombasa au Mwanza hakumwondoi mtu kwenye orodha, ila vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwepo. Kwa wazazi, VA wataangalia kama kweli kipato chao hakitoshi. Wengi wetu tunatuma hela nyumbani kila mwezi na fomu ya wazazi hatujawahi hata kuiona. Akipeleka taarifa za mke na watoto ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya uamuzi, nyongeza inaweza kurudi hadi tarehe ya kiwango chenyewe. Akichelewa, tarehe ya nyongeza inakuwa siku aliyopeleka.

Na asimlipe mtu kumwandikia dai la kwanza. Sheria hairuhusu kutozwa ada kwa hilo. Mashirika ya maveterani kama DAV, American Legion na VFW yana wawakilishi waliosajiliwa na VA, na hawachukui kitu.

Shemeji_wa_Killeen

Nimechapa yote haya nampelekea. Swali dogo la mwisho: tarehe ya goti la kulia ni 12 Septemba 2024, lakini kwenye taarifa ya benki hela ya Septemba ni ileile ya 70. Wanadaiwa siku 19?

Mkokotoaji

Hawadaiwi. Tarehe ya haki na tarehe ya malipo ni mbili tofauti: malipo huanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, kwa hiyo 80 yake inahesabiwa kuanzia 1 Oktoba 2024. Na malipo ya Oktoba huingia mwanzoni mwa Novemba, usiyatafute kwenye taarifa ya Oktoba. Tazama malimbikizo ya mara ya kwanza baada ya barua. Bila wategemezi, miezi ya Oktoba na Novemba inapigwa kwa kiwango cha zamani, ambapo 80 ilikuwa dola 1,995.01 na 70 ilikuwa 1,716.28. Tofauti ni 278.73 kwa kila mwezi. Kuanzia Desemba 2024 ilikuwa 285.70. Ikipishana na hapo, na hana mtegemezi, ndipo mpige simu.